Kipande cha Mtu wa Tatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mama kabla hajaanza kuuliza kwa nini barua imekuja kwako na si kwake. Natumaini itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wako umepoa tangu ulipoacha kile kiti kisicho na egemeo. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na yule mteja anayerudisha gauni kila wiki, ameridhika au bado anasema linambana kwapani? Mimi naona kwapa ndilo lenye makosa, si gauni.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Kwenye simu wewe unasikiliza pumzi yangu kuliko maneno yangu, nikisita kidogo tu unanihoji kama askari. Halafu Mama huwa yuko hapo hapo pembeni, anadai hasikii mpaka uweke sauti kubwa, na nusu ya mtaa inajua nimekula nini. Kwa hiyo barua hii nimempa nesi wa wodi ya watoto anayekuja huko likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asikubali kukaa kunywa chai, maana Mama atamkamua maneno mpaka tone la mwisho. Isome dukani, ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho kabla hujapiga simu. Nakujua.

Nimechoka, dada. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza mara ya mwisho, nikakujibu kwamba ni hali ya hewa. Hali ya hewa haina kosa lolote. Nimechoka uchovu ule wa kuamka nao, wa kuvaa koti jeupe lililokauka vizuri na kuhisi kama limelowa maji. Wenzangu wakinisalimia asubuhi najibu kwa kichwa ili nisipoteze nguvu za kufungua mdomo. Uliniambia kwamba kama kazi imenishinda nirudi, cherehani ya pili bado iko pale pale chini ya kitambaa chake na unaipaka mafuta kila mwisho wa wiki. Siku ile niliruka nikakuuliza bei ya uzi. Kuna wiki ambazo nimefikiria cherehani hiyo kuliko nilivyowahi kumfikiria mwanamume yeyote.

Najua Mama bado anawatangazia watu kwamba mwanawe anapima mate. Mwambie tena kwamba si mate, ni tezi zinazotengeneza mate, na hasa uvimbe unaoota kwenye tezi hizo: chini ya sikio, chini ya taya, na kwenye zile tezi ndogo ndogo zilizotawanyika ndani ya midomo na kwenye kaakaa. Hatakubali, najua. Kwake mate ni mate.

Kazi yangu mimi ni kukata. Mpasuaji akitoa uvimbe, kinyama kinaletwa kwetu ndani ya chupa. Mzee wa Nta, mwenzetu ambaye amekaa karibu na sufuria ya nta muda mrefu mpaka koti lake linasimama lenyewe likivuliwa, anakigandisha ndani ya kijipande cha nta. Mimi nakifunga kwenye mashine yenye wembe na kukata utepe mwembamba sana, ukikohoa tu umepotea. Utepe unaelea kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, naudaka kwa kioo, naukausha, naupaka dawa za rangi. Ndiyo maana hapa wananiita Bibi Wembe. Mkono wenyewe ni wa kwako, wewe ndiye uliyenifundisha kukata hariri bila kuitetemesha, na nimekuwa nikijivunia mkono huo kimya kimya tangu niingie hapa. Sina uzuri wa kuzungumzwa wala maneno matamu. Nina mikono.

Dokta anayeongoza utafiti wetu ni mama mmoja mrefu, mkavu wa maneno, ambaye sote tumembatiza Dokta Rudia. Neno hilo ndilo salamu yake, shukrani yake na kwaheri yake. Unampelekea vioo ulivyovihangaikia tangu asubuhi, anaviweka kwenye hadubini, anageuza gurudumu kidogo, anasema rudia. Simchukii. Anachokitafuta ni kitu kikubwa. Anataka kujua kwa nini uvimbe mmoja ukitolewa unakwenda moja kwa moja, na mwingine, unaofanana nao kwa kila kitu, unarudi mahali pale pale.

Anasema ndani ya uvimbe seli zote si sawa. Nyingi zinaishi na kufa kama kawaida, lakini ziko chache zinazoitwa seli shina, na hizo zikibaki hata kidogo zinaweza kuzaa uvimbe wote upya. Wewe fikiria zile nyasi za uani kwa Mama. Anafyeka, anafagia, anajisifu kwa majirani, mvua ikinyesha nyasi zote hizo, kwa sababu shina lilibaki ardhini. Kwa macho, seli shina hazina sura ya pekee. Ila zina alama juu ya ngozi yake, madaktari wanaiita kiashiria, na ziko dawa zinazoishika alama hiyo na kuifanya iwe na rangi ya kahawia. Basi ndiyo maisha yangu: napaka, naosha, nangoja kahawia. Kama kahawia nyingi kweli inamaanisha uvimbe utarudi, hakuna anayejua bado. Vitabu vyenyewe vinagombana, na ndiyo sababu utafiti upo.

Yuko fundi viatu mmoja ambaye lazima nikueleze habari zake. Uvimbe wake wa chini ya sikio umeshatolewa na kurudi, ukatolewa ukarudi tena. Mara ya mwisho mshipa wa fahamu wa uso ulikuwa umezingirwa, wakaukata, na sasa upande mmoja wa uso wake hausogei. Yeye anasema upande huo umestaafu na mwingine bado unatafuta riziki. Siku za kliniki anakaa kwenye benchi la korido, chini kidogo ya dirisha letu, na kila akiniona nikipita anauliza kama tumeshalipata shina lake. Namjibu kwamba tunachimba. Ananiambia nichimbe kwa adabu, maana shamba ni shingo yake. Siku moja alinitazama viatu akaniamuru nivivue pale pale koridoni, akatoa sindano mfukoni akashona soli iliyokuwa imefungua mdomo, nami nimesimama na soksi kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Tangu siku hiyo sijaweza kukata kipande chake kama vipande vingine. Nakikata nikiwa nimeshikilia pumzi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo kazi iliponigeukia. Ili kahawia kwenye uvimbe iwe na maana, lazima kuwe na kipande cha kulinganishia, kipande cha tezi ya mtu ambaye haumwi. Mwanzoni mwa utafiti walipatikana watu watatu wenye afya zao waliokubali kutoa. Si jambo kubwa: sindano ya ganzi ndani ya mdomo wa chini, mkato mdogo, tezi chache kama punje za mtama zinatolewa, nyuzi chache, mtu anakwenda zake nyumbani. Majina yao yalifungiwa kabatini kwa katibu wa utafiti, sisi mezani tukawa na namba tu: Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu. Dokta alitazama utepe wa juu wa kila mmoja akaona ni tezi safi. Wa Tatu ndiye aliyekuwa na tezi nyingi na nzuri, kwa hiyo akachaguliwa asindikize kila awamu. Nikipaka rangi vipande vya wagonjwa, kipande cha Wa Tatu kinapakwa pamoja navyo, siku hiyo hiyo, dawa hiyo hiyo. Kwake kahawia inatakiwa iwe kidogo tu, pembeni mwa vijia vya mate, kama uzi kwenye pindo la leso. Ikitoka hivyo, awamu imekubalika. Isipotoka hivyo, awamu yote inatupwa.

Miezi ya mwanzo ilitoka vizuri mpaka Dokta akawa anasahau kusema rudia. Kisha siku moja kwenye kioo cha Wa Tatu nikaona doa. Si pembeni mwa vijia, katikati, mahali pasipotakiwa kuwa na rangi yoyote. Dokta akasema rudia. Nikarudia, doa likaja tena. Wiki iliyofuata lilikuwa kubwa zaidi.

Kwenye maabara, dada, kipande cha kulinganishia hakiulizwi maswali. Kikikosea, anayeulizwa ni aliyekaa mezani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote na hivyo ndivyo wote tunavyoamini, mimi wa kwanza. Kwa hiyo nikaanza kujichunguza. Nilibadilisha maji. Nikaosha beseni kwa mikono yangu mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nilifungua chupa mpya ya dawa, nikaituhumu friji, nikaituhumu sabuni. Mzee wa Nta akasema ni umeme, maana kwake kila kitu ni umeme, hata mkewe akinuna. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye tunakaa tukigusana viwiko, aliniuliza taratibu kama nalala vizuri. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Baadaye nikamwomba radhi, akasema hata hakusikia, nami nikajua alisikia.

Kila nilivyozidi kurudia ndivyo kahawia ilivyozidi. Nilianza kuiona kwenye chai, kwenye ukuta wa bafu, kwenye kola za watu barabarani. Narudi nyumbani nimeinama, nakaa kitandani na viatu, nasahau kuwasha jiko. Ndizo siku zile ulizokuwa ukinipigia nikasema niko kwenye kelele. Hapakuwa na kelele yoyote, nilikuwa chumbani nikitazama mikono yangu na kuiuliza ina nini.

Mwishowe Dokta aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, jambo ambalo huwa halifanyi. Hakunikaripia. Alisema anajua nimechoka na yeye amechoka pia, ila wagonjwa wametoa nyama zao kwa imani na haiwezekani kazi ya mwaka mzima isimame juu ya kipande cha kulinganishia ambacho kila wiki ni kichafu. Alisema nijaribu awamu moja ya mwisho. Ikishindikana, meza yangu atapewa mwenzangu wa meza ya pili, nami nitahamishiwa kupokea chupa dirishani. Nilimwambia nimeelewa. Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, si kwa ajili ya dirisha, kazi ni kazi, bali kwa ajili ya mikono hii. Ilikuwa kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kukuandikia kwamba uitoe kitambaa ile cherehani. Sikumaliza mstari wa pili.

Asubuhi ya awamu ya mwisho nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mapema kama kichwa kingekuwa changu. Nilitoa kabatini vipande vya Wa Kwanza na Wa Pili, ambavyo havikuwa vimeguswa tangu mwanzo, nikavikata, nikavipaka pamoja na cha Wa Tatu. Chupa moja, maji mamoja, saa moja, mikono hii hii. Wa Kwanza akatoka safi kama leso. Wa Pili safi. Wa Tatu akatoka na doa lake, sasa limejaa karibu nusu ya kioo.

Dada, nilicheka kwa sauti. Nilimshika Mzee wa Nta mabega nikamzungusha na koti lake gumu, akasema nimuachie kabla hajavunjika. Mikono yangu haikuwa na kosa! Maji hayakuwa na kosa, dawa haikuwa na kosa, hata umeme maskini ulikuwa umesingiziwa. Nilikuwa nimeshinda. Furaha hiyo ilidumu muda wa kutoka kwenye sufuria ya nta mpaka mezani kwangu, ni hatua chache tu. Kwa sababu kama mikono haina kosa, basi rangi ilikuwa inasema kweli siku zote hizo, na sisi tukawa tunaiambia inyamaze.

Nilikata utepe mwingine wa Wa Tatu, kutoka pale nilipofikia, nikaupaka rangi za kawaida za waridi na zambarau ambazo hazitafuti alama yoyote, zinaonyesha tu nyama ilivyo. Mimi si msomaji wa vioo. Lakini ukikaa na vipande vya uvimbe mwaka mzima unaizoea sura yake, kama wewe unavyomtambua mteja kwa mwendo kabla hajafika mlangoni. Nilimpelekea Dokta. Niliweka kioo mezani nikarudi nyuma nikasimama karibu na mlango.

Alitazama. Akageuza gurudumu, akasogeza kioo, akabadilisha lensi, akatazama tena kwa muda ambao niliweza kusoma kalenda yote iliyo ukutani kwake. Nilingoja aseme rudia. Nakuapia sijawahi kulitamani neno kama nilivyolitamani lile siku hiyo. Hakulisema. Alieleza, bila kuinua jicho, kwamba utepe wa juu kabisa ulikuwa salama, yeye mwenyewe aliuona, ila kadiri tulivyokata ndivyo tulivyoingia ndani zaidi, na huko ndani palikuwa na ukingo wa uvimbe mdogo ambao hakuna aliyeujua, na ni wa aina mbaya. Alisema yeye ndiye aliyepaswa kutazama upya badala ya kunirudisha mezani kila wiki. Akasema atamtafuta katibu mara moja afungue kabati, mtu huyu apatikane leo hii hii, popote alipo. Akaniuliza kama labda mimi najua ni nani.

Nikamwambia ni mimi.

Nimekuzungusha mpaka hapa, dada, unisamehe. Nilijaribu kuandika neno hilo pale juu, baada ya shikamoo, kalamu ikakataa. Labda wewe uliona tangu mstari wa kwanza, maana hujawahi kupokea barua yangu isiyosema kwamba mimi ni mzima, hofu kwako tu. Safari hii sikuweza kuliandika.

Utauliza nilifikaje huko. Siku Dokta alipotafuta watu watatu wa kutoa vipande, wafanyakazi wote walianza kutazama viatu vyao. Mkono ulioinuka wa kwanza ulikuwa wa nani? Mama hakukosea aliponipa lile jina la kunitania tangu nikiwa mdogo. Ndiyo siku zile nilizokuambia kwenye simu kwamba nazungumza hovyo kwa kuwa nimeungua na chai. Dokta alijua nilitoa, ila hakujua namba yangu. Mimi niliijua, niliiona kwenye chupa nikiwa bado na ganzi, lakini nikuambie ukweli wangu: ukishakikata kitu kila siku kinaacha kuwa chako. Kilikuwa ni Wa Tatu, mtu mwenye afya, mtu wa kulinganishia wagonjwa. Wala haikunipitia kichwani kumwonea wasiwasi. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mikono yangu imeharibika.

Sasa nikueleze hali ilivyo bila kupunguza wala kuongeza. Sina maumivu yoyote. Nikipitisha ulimi sioni kitu, hata mpasuaji alipapasa sana ndipo akasema labda anahisi kijiwe. Nimepigwa picha za shingo na kifua, ziko safi. Wanasema uvimbe umekamatwa ukiwa mchanga kiasi ambacho hawajawahi kukiona, kwa sababu hakuna mtu anayekuja hospitali kwa kitu asichokihisi. Alhamisi ya wiki ijayo watakata sehemu ya mdomo wa chini na kuushona upya. Nitakuwa na kovu, na kwa muda nitazungumza kama nina kitu mdomoni. Baadaye wataamua kama nahitaji mionzi. Uchovu huu hautokani na uvimbe, nimewauliza. Ni uchovu wa kazi na wa kukosa usingizi tu, kwa hiyo usiongeze hilo kwenye hesabu zako.

Utauliza kama uvimbe utarudi. Nilimuuliza Dokta swali hilo, mimi niliyekuwa nikimjibu fundi viatu kwamba tunachimba. Nilimwambia aniangalizie kahawia yangu, ni nyingi au kidogo, na ina maana gani. Alivua miwani akasema ni nyingi kiasi, na kwamba angenidanganya kama angesema anajua maana yake. Kisha alinimiminia chai mwenyewe na kuitia sukari nyingi kama kwamba mimi ni mtoto. Nimehamishwa kutoka upande wa wenye afya kwenda upande wa wagonjwa, na kipande changu sasa kina kazi mpya. Meza yangu nimeachiwa. Wa Kwanza ndiye anayesindikiza awamu, naye anatoka safi kila mara. Kila anapotoka safi nafurahi kwa ajili ya mtu huyo nisiyemjua, na papo hapo namwonea wivu. Hilo nimekuambia wewe tu.

Juzi ilikuwa siku ya kliniki. Nilitoka maabara bila koti, na kadi yangu mkononi, nikasimama koridoni sijui nikae wapi. Fundi viatu alikuwa pale pale kwenye benchi lake. Aliniona, akaanza kuuliza habari za shina lake, kisha akaiona kadi. Alisogea, akapangusa nafasi kwa kiganja, tukakaa. Akaniambia mpasuaji wangu ana mkono mzuri, ila ananung'unika peke yake akishona, nisije nikafikiri amekosea kitu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakukatika upesi, naye akawa anatazama ukutani kwa heshima.

Ninaogopa, dada. Mchana nikiwa kazini naogopa kidogo, nikifunga mlango wa chumba changu naogopa sana. Nilifikiri nisikuambie mpaka yaishe, nije nyumbani na kovu langu na hadithi ya kuchekesha. Lakini nimechoka mno kubeba hili peke yangu, na wewe ungenipiga na rula yako ya mbao.

Kwa hiyo nakuomba ufunge duka, uje. Uje kabla ya Alhamisi, unisindikize mpaka mlango ule ambao ndugu hawaruhusiwi kuupita, na nikitoka uwepo. Chumba changu ni kidogo lakini kitanda kinatosha tukilala kama zamani, wewe ukutani. Mama usimwambie kwa kupitia simu ya mtu wala kwa kumwachia shemeji. Kaa naye chini, mshike magoti, mwambie wewe mwenyewe, kisha mwache aseme atakayoyasema. Akitaka kuja naye, mlete. Akiuliza ni nini, mwambie safari hii ni kweli, ni mambo ya mate.

Na ile cherehani ya pili usimpe mtu, lakini pia usiitoe kitambaa. Sirudi kwa kushindwa. Nitakuja kukaa kidogo nikipata nafuu, nikushonee pindo chache ili uone kama bado najua, halafu nitarudi kwenye meza yangu, kwa kuwa fundi viatu ananidai jibu na sasa na mimi najidai jibu hilo hilo.

Nisalimie shemeji, mwambie lile koti la mvua bado nalivaa na bado linavuja. Wasalimie watoto wote, yule mdogo mwambie shangazi yake... yaani mama yake mdogo, unaona hata akili imechoka, mwambie mama yake mdogo ameweka zile chupa tupu alizoomba. Wasalimie mafundi wako wa dukani na yule jirani wa mlango wa pili asiyerudisha sufuria. Mama mpe salamu zake kwa mkono wako, kabla ya habari na baada ya habari.

Dada, mikono yangu haikuwa na kosa. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine yote, nimelisema mwisho. Haitetemeki hata sasa, tazama mwandiko. Lakini Alhamisi watanilaza chali na kuniambia niiweke pembeni, isishike chochote, na sijui nitaiweka wapi usipokuwepo.

Ni mimi mdogo wako,
Kimbelembele